Mjadala: Video ya uadilifu itamfunza mwanachuo uadilifu?

Mhadhiri wa muda, Kisumu: Somo letu la maadili sasa ni mseto: wiki hii darasani, wiki ijayo video na rekodi za sauti mtandaoni. Lengo, eti, kujenga tabia. Juzi nimemkuta kijana kibarazani na karatasi yenye nywila za wenzake wanne. Anawafungulia video ya uadilifu mmoja baada ya mwingine, simu kailaza kifudifudi ijichezee. Akaniamkia vizuri tu. Je, tuendelee?

Mwanafunzi, Nakuru: Mwalimu, na karatasi ya mahudhurio je? Tumesainiana miaka yote. Usiisingizie simu. Mimi hukaa nyuma ukumbini, sisikii kitu. Rekodi naisikiliza usiku mara tatu. Kujipangia muda bila kusukumwa nimejifunzia hapo.

Mzazi, Kakamega: Tabia huambukizwa na watu. Mhadhiri akifika kwa wakati na kurudisha kazi imesahihishwa, hiyo ndiyo video.

Mhadhiri wa muda, Kisumu: Mzazi, nakubali nusu. Kutazama hakutoshi, ila kutengeneza ni jambo jingine. Muhula uliopita niliwatuma ufuoni Dunga warekodi maisha ya wauza samaki. Kundi moja likampata mama anapaa mbuta huku akisimulia jaboya, yaani mvuvi kudai ngono ndipo akuuzie samaki. Picha safi, sauti safi. Nilikuwa nimewaagiza wamrudishie mhusika aione kabla ya kuileta kwangu. Mama akatazama hadi mwisho, kimya, kisha akasema: uso wangu toeni, wanangu wana simu.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iko upande wake, lakini nadhani hakuna aliyeikumbuka. Walibishana njia nzima kurudi mjini. Mmoja alitaka waiwasilishe hivyohivyo. Mama ataionea wapi? Mwishowe wakaleta sauti tupu na picha ya mikono na magamba.

Tatizo ni langu. Mwongozo wa alama ulidai video kamili, nikawakata 5 kati ya 30. Hawakulalamika.

Mzazi, Kakamega: Ukawakata?

Mwanafunzi, Nakuru: Mwalimu, rudisha hizo tano kwanza, ndipo tuendelee na mada.