Kikundi cha ukoo: jioni tunapika nini?

IJUMAA

Mama Salma: Shikamooni wakubwa. Jamani wenzangu mnapika nini jioni? Huku watoto wamegoma. Nimepakua ugali maharage, Salma ananiuliza "mama, na kesho?" Nikamwambia maharage. Kasukuma sahani kaenda kulala.

Idi: 😂😂 mtoto ana hoja

Mama Salma: Wewe nyamaza. Chipsi mayai kila siku, yule kaka akifunga kibanda utakufa njaa

Idi: Buku tatu tu dada. Nashiba na sioshi sufuria

Baba Nuru: Elfu tatu mara siku 30 ni elfu 90. Mtu mmoja.

Idi: Kaka hesabu usiku huu za nini

Shangazi Tanga: Marahaba wanangu. Mama Salma, mko wangapi na mkononi una shilingi ngapi? Tusije tukakutajia kuku.

Mama Salma: Tuko sita shangazi. Unga, mchele na mafuta nanunua mwisho wa mwezi. Kila siku natenga elfu saba: mboga, nyanya, kitunguu, na mkaa humohumo. Siku ya maharage mkaa peke yake unakula elfu mbili. Halafu Baba Salma asipoona ugali anasema hajala

Shangazi Tanga: Basi maharage hayana kosa. Kinachokumaliza ni kuyachemsha kila siku na kuyaunga vilevile kila siku. Kesho asubuhi chambua kilo nzima, loweka kwenye maji mengi. Jioni mwaga yale maji, tia mapya, chemsha yote kwa mkupuo. Chumvi mwishoni. Yakiiva gawa mafungu matatu. Friji unayo?

Mama Salma: Ya kwangu imekufa. Mpangaji mwenzangu huwa ananiwekea vitu kwenye ya kwake

Shangazi Tanga: Vizuri. Mafungu yasiyoliwa jioni hiyo yaende kwenye barafu meupe, bila nyanya, bila nazi, bila chochote. Ukishatia tui hayalali. Kwa joto la Dar asubuhi unakuta yamechacha. Tui lisubiri siku ya kuliwa.

Idi: Kumbe yale mapovu ya asubuhi si ladha 🙈

Baba Nuru: Ulikula??

Idi: Tuendelee na mada

Mama Nuru: Wifi, fungu la kwanza kula na wali, ya nazi. La pili nipe mimi 😄 Menya ndizi bukoba, zikate, weka sufuriani pamoja na hayo maharage yaliyoiva, kitunguu, nyanya, chumvi, mafuta kidogo, maji ya kufikia ndizi tu. Funika, moto mdogo. Ndizi zikilainika mchuzi unakuwa mzito wenyewe. Kwetu Bukoba hicho ni chakula kamili, hakuna anayeuliza mboga iko wapi.

Baba Nuru: Nathibitisha. Tangu nimeoa nimekula ndizi maharage kuliko wali

Mama Nuru: Na tumbo linathibitisha

Mama Salma: Mkungu mzima nitaubebea wapi mimi na daladala za Mbagala

Mama Nuru: Mkungu wa nini? Chukua chane. Au mwambie kaka yako, anapita soko la Mahakama ya Ndizi pale Mabibo akitoka kazini

Baba Nuru: Nimeshapangiwa kazi bila kuulizwa

Shangazi Tanga: Ndiyo ukubwa huo.

Mjomba Dodoma: *Imesambazwa mara nyingi* TAFADHALI SOMA MPAKA MWISHO!!! Maji ya uvuguvugu na limao asubuhi...

Idi: Mjomba shikamoo. Hii uliituma Pasaka

Mjomba Dodoma: Marahaba. Afya haina Pasaka

JUMAMOSI

Mama Salma: Nimeloweka. Fungu la tatu sasa? Nilifikiria makande ila mahindi yale yana kiburi, yanakaa jikoni mpaka taarifa ya habari inaisha

Mama Nuru: Nunua yaliyokobolewa, loweka leo hiihii. Jiko likiwa limewaka kwa maharage, yakitoka tu unabandika mahindi palepale. Mkaa mmoja kazi mbili. Nayo yaende kwenye barafu. Siku ya makande unakutanisha tu, unaunga na karoti, hoho, tui kama lipo

Shangazi Tanga: Nazi moja inatosha. Ikune, tui la kwanza likamue zito uliweke pembeni. Machicha yarudie maji mara ya pili, hilo jepesi ndilo la kupikia. Zito linaingia mwisho kabisa, koroga taratibu, likitokota kidogo epua. Mnaotia tui zito toka mwanzo mnakula mafuta yaliyokatika halafu mnailaumu nazi.

Idi: Na la pakiti?

Shangazi Tanga: Sijasikia swali.

Mama Salma: 😂 Haya siku za ugali? Maana Baba Salma ana masharti yake. Dagaa nilijaribu, Salma anasema wanamwangalia

Mama Nuru: Toa vichwa basi. Chukua dagaa wa Mwanza, wa Kigoma watamu ila bei yao imechangamka. Wa Mwanza shida yao mchanga, maana wengi wanaanikwa chini. Waoshe kwa maji ya moto, uwatoe kwa mkono juujuu, usimimine, mchanga ubaki chini ya beseni. Rudia mpaka maji yawe safi. Wachuje wakauke kabisa. Mafuta yapate moto kwanza, kaanga mpaka ukiwagusa na mwiko unasikia kakaka. Watoe.

Mama Nuru: Sasa kwenye mafuta kidogo hayohayo, kitunguu, nyanya, hoho. Nyanya iive mpaka mafuta yapande juu. Ndipo unarudisha dagaa, kamulia limao, geuza mara moja, epua. Ukiwaacha wachemke na nyanya umepika uji

Idi: Nimesikia njaa na hapa kwangu hakuna hata kiberiti

Mama Nuru: Na wanaliwa na mifupa yake, watoto wanapata kalsiamu. Pembeni weka matembele au mchicha, kamulia limao pia. Ila wifi, ile chai yenu ya kusindikizia ugali iacheni, inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Chai inywewe baadaye. Kliniki naongea hili kila siku mpaka sauti inakauka

Mama Salma: Baba Salma asome hapa mwenyewe

Mjomba Dodoma: Mbona hamtaji mlenda? Mlenda na ugali wa dona. Magadi kidogo, karanga za kusaga, nyanya moja. Hauna gharama. Sisi tumekulia huo

Mama Salma: Shikamoo mjomba ni mimi Salma. Naomba msiweke mlenda. Asante.

Mama Salma: Jamani nilienda kuanua nguo tu!!

Mjomba Dodoma: Marahaba mjukuu. Utakuja likizo tutaongea ana kwa ana na huo mlenda

Shangazi Tanga: Hahaha. Mchicha wa karanga anakula huyo?

Mama Salma: Anakula mpaka anapangusa sufuria

Shangazi Tanga: Basi umepata siku nyingine ya ugali. Karanga zikaange, zisage, zikoroge kwanza na maji ya baridi zisifanye madonge. Ukishamimina usiondoke jikoni, zinashika chini. Kisamvu nacho kinakubali vilevile, ila kisamvu kitwangwe na kichemke sana kabla hujakiunga. Kibichi kina sumu, hakichezewi.

Baba Nuru: Nyama tumeisahau au tumeitaliki?

Mama Salma: Robo elfu tatu, watu sita. Kila mtu anapata kipande cha kuapia

Baba Nuru: Ijumaa pilau. Hiyo robo ikate vidogovidogo, viazi vingi, viungo visionewe huruma. Mchele unabeba harufu ya nyama nzima

Idi: Au pilau ya viazi tupu

Mjomba Dodoma: Hiyo si pilau, ni wali uliochafuka

Shangazi Tanga: Mjomba wenu leo kasema kweli.

JUMAPILI

Mama Salma: Haya wapendwa, nimeandika kwenye karatasi nikabandika mlangoni:

J3 wali maharage ya nazi
J4 ugali, dagaa, matembele
J5 ndizi maharage (kaka usisahau chane 2!!)
Alh ugali, mchicha wa karanga
Ijm pilau ya robo
J1 makande
J2 ?

Mama Nuru: J2 chapati na choroko. Choroko hazihitaji kulala kwenye maji, zinaiva haraka. Watoto wakusukumie chapati. Zitatoka ramani ya Afrika lakini mtoto hawezi kukataa alichosukuma mwenyewe

Mama Salma: Chapati zinakunywa mafuta wifi, haya ya mwezi huu yashafika shingoni mwa dumu

Mama Nuru: Basi mihogo ya nazi

Mama Salma: Nazi tena? Ya J3, ya makande, na hiyo. Zinafika tatu. Elfu moja mia tano kila moja

Baba Nuru: Makande yapike bila nazi. Hayajawahi kulalamika

Shangazi Tanga: J2 acha wazi. Angalia kilichobaki na kilichoshuka bei sokoni. Mwezi huu huku bamia zinamwagwa, huenda na Dar ziko hivyo. Karatasi isikutawale.

JUMATANO

Baba Nuru: [picha] Chane mbili, elfu nne. Nimeziacha kwa mangi wa kona, mtume mtoto

Mama Salma: Asante kaka. Zishapikwa zishaliwa. Baba Salma kapiga sahani mbili, kalamba vidole, halafu kauliza "ugali unakuja saa ngapi?"

Idi: 🤣🤣🤣

Mama Nuru: Huyo anahitaji miezi sita Bukoba

Mama Salma: Ila jamani mkaa! Tangu J1 nimewasha jiko refu mara moja tu. Leo ndizi zimeiva nikiwa nafua, mkaa wa buku. Jana dagaa Salma kala, bila vichwa. Hakusema kitu nami sikuuliza

Shangazi Tanga: Usiulize. Ukimuuliza atakumbuka.

Mjomba Dodoma: Dona mmeanza?

Mama Salma: Bado mjomba, nina sembe mpaka mwisho wa mwezi. Dona nitasaga kidogokidogo, nikisaga nyingi inaingia wadudu kabla hatujaimaliza

Mjomba Dodoma: Hapo umeongea kama mtu wa Dodoma

Idi: Dada mimi Ijumaa nakuja. Pilau

Mama Salma: Ile robo imegawiwa watu sita Idi. Wewe ni wa saba

Idi: Naleta robo yangu

Baba Nuru: Elfu tatu za chipsi hizo, mnaona zilivyo na kazi

Mama Salma: Lete na viazi. Na uje mapema ukune nazi ya kachumbari

Shangazi Tanga: Kachumbari ya nazi imeanza lini?

Mama Salma: Nimeandika huku nakoroga uji wa mdogo 😂 Aje akate kachumbari, na nazi aikune ya mihogo ya J2

Idi: Kumbe J2 imeshapata chakula

Mama Salma: Bamia nilizikuta, fungu jero, lakini zimekomaa, zina nyuzi. Nimerudi kwenye mihogo

Idi: Nimekutumia elfu tano, robo na viazi nunua mwenyewe, mimi buchani wananipimia mifupa

Mama Salma: Imeingia. Saa kumi na moja uwe umefika