Jina langu liko mkiani kwenye makala zote, jopo linadhani nilisindikiza tu

Wakuu, naombeni ushauri. Nimemaliza uzamivu, nadharia ya sayansi ya kompyuta, upande wa kombinatoria ya grafu, yaani hesabu za nukta na mistari inayoziunganisha. Nina makala nne, zote na wenzangu, na jina langu la ukoo linaanza na Z. Fani yetu hupanga majina kwa alfabeti, basi kote nimekaa mwisho. Juzi kwenye usaili mjumbe mmoja, mtu wa maabara, ambako nafasi ya jina huonyesha mchango, alipitisha kalamu juu ya majina akasema, "Naona hizi ulikuwa unasaidia." Lema kuu ya makala ya pili, yaani hoja ya kati inayobeba uthibitisho, imenila miezi saba! Nikabaki nacheka kama mjinga. Kazi nimekosa. Nifanyeje, au nikaandike programu kwenye kampuni?

Kipeo: Pole mkuu. Juu ya orodha ya makala weka sentensi moja tu: majina yamepangwa kwa alfabeti. Halafu chini ya kila makala eleza ulichofanya.

Mti Usio na Duara: Hilo la pili hapana. Watu wa nadharia wakiona unagawa makala vipande wanakunja uso, maana wazo huzaliwa ubaoni watu watatu wakibishana. Hiyo ni kazi ya barua za mapendekezo. Mwombe mwandishi mwenzako aitaje lema hiyo na aseme ni yako. Ukijisemea mwenyewe haina uzito.

Kipeo: Sawa, hapo nakubali.

Rangi Nne: Mleta mada, uliomba idara gani? Kwenye kompyuta watatafuta STOC na FOCS, yale makongamano makubwa ya nadharia, kwenye hisabati watauliza majarida, na jarida la kombinatoria laweza kukuweka zaidi ya mwaka ukisubiri majibu. Anza kutuma sasa. Pia andika kitu peke yako, hata kifupi. Hao Huang mwaka 2019 alithibitisha dhana ya usikivu (sensitivity conjecture), swali maarufu la nadharia ya kompyuta lililokuwa wazi tangu 1992, kwa makala ya kurasa chache na jina moja. Sisemi usubiri muujiza kama huo, ila makala ya jina moja haiulizwi maswali.

Msomaji Kimya: Oa ukoo wenye A uchukue jina lao 😂

Mleta mada: 😂 Ahsanteni. Niliomba kompyuta, na majarida sijatuma hata moja. Barua nimeshamwomba msimamizi wangu usiku huu. Yeye ni Y, hakuhitaji maelezo marefu.