HEATHROW KWENDA GATWICK "NI PUA NA MDOMO"??? Wakuu nimedharauliwa mchana kweupe

Begi_Zito (mleta uzi):

Wakuu habari za saa hizi, zangu mimi siyo nzuri hata kidogo. Naandika nikiwa nimekaa sakafuni uwanja wa ndege wa Gatwick, North Terminal, mgongo kwenye nguzo, chaja ukutani, begi nimelikumbatia maana kwa hasira nilizonazo nikiliacha pembeni nitalipiga teke.

Kuna mtu mnamjua. Simtaji. Yule mwenye majibu ya kila kitu kuhusu safari, ukiuliza visa yumo, ukiuliza mizigo yumo, ukiuliza hali ya hewa ya sayari nyingine atakwambia alipitia huko mwaka juzi. Ndiyo huyohuyo.

Nilimuuliza kistaarabu kabisa, mkuu nashuka uwanja wa Heathrow asubuhi, ndege ya pili inatokea Gatwick mchana, tiketi mbili tofauti, hapo katikati nichukue basi, treni au teksi? Akanijibu: "Heathrow na Gatwick ni pua na mdomo, chukua teksi, utafika mpaka uchoke kusubiri."

Pua na mdomo. Pua ya nani hiyo wakuu? Ni zaidi ya kilomita 60 kwa barabara, pua iko magharibi mwa London, mdomo uko kusini kabisa huko Sussex, na katikati kuna M25, ile barabara kuu inayozunguka London!

Basi nimetua, nikala foleni ya uhamiaji, begi likatoka la mwisho kwenye mkanda (begi langu halijawahi kutoka la kwanza tangu liumbwe), nikatoka nje nikapita kituo cha mabasi. Basi la moja kwa moja la Gatwick hilo hapo, limefungua mlango, dereva anapanga mabegi ya watu, watu wanapanda kwa raha zao. Nikalipita. Nikalipita kwa madaha kwenda kutafuta teksi yangu ya pauni mia na kitu kwa sababu bingwa kasema.

Tumeingia M25 tukasimama. Siyo foleni ile ya kusogea sogea, ni foleni ya kuzima injini. Dereva akatoa sandwichi, akala yote taratibu, akakunja karatasi mara nne akaitia mfukoni, na bado tuko nyuma ya lori lilelile lenye picha ya ng'ombe. Yule ng'ombe nikimkuta njiani leo tunasalimiana.

Hapo nikamtumia bingwa voisi, sauti inatetemeka, mkuu nimekwama M25, kaunta inafungwa muda si mrefu, nifanyeje?

Akasikiliza. Tiki zikawa bluu. Akaanza kuandika. Akaacha. Akaanza tena, mimi nimeishika simu kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Kisha ikaingia:

👍

DOLE GUMBA WAKUU. Sijasema nimefika. Sijasema asante. Nimesema NIMEKWAMA, mtu ananipa dole!

Nimefika Gatwick dereva kanishusha South Terminal, kaunta yangu iko North, nimekimbilia kale katreni kanakounganisha majengo, kufika nakuta dada wa watu anazima kompyuta, kanitazama kwa huruma, kaunta imefungwa. Na kwa vile ni tiketi mbili tofauti hakuna anayekujua, ndege ya kwanza inasema sisi tumekufikisha, ya pili inasema hukutokea, nunua nyingine. Bei yake siiandiki hapa kwa sababu mama watoto yumo humu.

Ila hayo yote nasamehe. Foleni nasamehe, tiketi nasamehe. Dole silisamehi. Mtu anaanza kuandika, anafuta, anafikiria, anashauriana na nafsi yake, halafu katika maneno yote ya Kiswahili anachagua DOLE.

Na sasa hivi kaweka stetasi: "Safari ni kujipanga." Anamsema nani? Nauliza, anamsema nani?

---

Siti_ya_Dirishani: Nimewahi siti ya mbele. Uzi huu utakuwa mtamu.

Jongoo_wa_Reli: Pole sana mkuu ila nimecheka mpaka watu wa ofisini wamegeuka 😂😂 hapo kwa ng'ombe hapo

Dada_Transiti: Mimi naomba nimtetee huyo ng'ombe, hana kosa.

Begi_Zito: Ng'ombe hana kosa kweli. Mwenye kosa anajijua, na dole lake.

Jongoo_wa_Reli: Tuwe wakweli lakini, siku hizi mtu anapandaje teksi Heathrow kwenda Gatwick? Unashuka chini unapanda treni ya Elizabeth Line, unateremka kituo cha Farringdon, unavuka unachukua treni ya Thameslink, inakutema Gatwick palepale South Terminal. Unagonga kadi ya benki mlangoni, unagonga tena ukifika, hata tiketi hununui. Elizabeth Line ipo tangu 2022, siyo habari mpya. Reli haina foleni.

Kipanga_Lami: Haina foleni ila ina mgomo. Siku wakigoma utaijua Farringdon kila kona. Mimi ni basi tu, begi chini, mtu juu, nalala.

Jongoo_wa_Reli: Unalala M25 hiyohiyo aliyokwama mwenzio? Basi lina mabawa?

Kipanga_Lami: Nikikwama nakwama kwa bei ya basi. Yeye kakwama kwa pauni mia.

Begi_Zito: Jamani sijaja kuuliza njia, nimekuja kwa ajili ya dole.

Mzee_wa_Geti: Hii chai. Mtu mzima na akili zake anapewa masaa manne ya kubadilisha uwanja halafu anauliza mtandaoni? Ramani ipo kwenye simu. Tena ulipokaa unaandika uzi mrefu hivi ungeshapata tiketi ya bei nafuu.

Begi_Zito: Mzee masaa manne nimeyataja wapi? Au wewe ndiye yeye umekuja na akaunti nyingine??

Siti_ya_Dirishani: Imeanza 🔥🔥

Dada_Transiti: Wewe mshukuru Mungu hata umetoka nje ya Heathrow. Shoga yangu alikata tiketi za hivyohivyo akiwa na ile visa ya kupita ndani kwa ndani tu. Ile hairuhusu kuvuka uhamiaji, na kubadilisha uwanja maana yake umeingia Uingereza kabisa, unatakiwa uwe na ile nyingine ya wapita njia wanaovuka mpaka, ya saa 48. Alikwamia kwao kaunta ya mwanzo kabisa, wala hakuiona M25 wala ng'ombe.

Mwewe_wa_Bosphorus: Nyie na Uingereza yenu mnadeka. Jaribuni Istanbul. Uwanja mpya uko upande wa Ulaya, Sabiha Gökçen uko upande wa Asia. Mimi nimebadilisha BARA ndani ya teksi, kwenye daraja, jua linazama, dereva anaongea na simu tatu. Wewe unalia na dole, mimi dereva hakunipa hata dole.

Tembo_Kariakoo_Nyuyoki: Mwewe kaa chini. Viwanja vya New York, JFK kwenda Newark na mabegi mawili. Katreni ka uwanjani, AirTrain, mpaka kituo cha Jamaica, hapo ushuke upande treni ya LIRR mpaka Penn Station, hapo ushuke upande treni ya NJ Transit, ushuke tena kituo cha Newark Airport, upande AirTrain nyingine. Ngazi hizo sijazihesabu. Na Marekani hakuna cha kupita ndani kwa ndani, hata ukiwa unaunganisha tu unahitaji visa.

Dada_Transiti: Paris siku hizi kuna nafuu kidogo, tangu Juni 2024 metro namba 14 inafika uwanja wa Orly wenyewe. Unatoka uwanja wa Charles de Gaulle na treni ya RER B, unabadilisha kituo cha Châtelet. Ila pale Châtelet muwe na begi la magurudumu na moyo wa chuma, mnatembea mpaka mnasahau mlikuwa mnaenda wapi.

Begi_Zito: Kwa hiyo hakuna anayejadili kwamba mtu kaanza kuandika, akafuta, akatuma dole?

Mpimaji_Barabara: Naomba kurekebisha kitu kidogo. Watu hudhani M25 ni mduara kamili wa kuizunguka London, siyo kweli. Pale mashariki kwenye kivuko cha Dartford inakatika, kile kipande kinaitwa A282.

Siti_ya_Dirishani: Asante mkuu, nilikuwa silali usiku kwa ajili ya hilo.

Kipanga_Lami: Mimi kero yangu ni wale ndege ikigusa ardhi tu wameshasimama, shingo zimepinda chini ya kabati la mizigo, mlango haujafunguliwa. Mnakwenda wapi?

Tembo_Kariakoo_Nyuyoki: KIPANGA UMENENA. Halafu wakifika kwenye mkanda wanauzingira, miguu imegusa chuma, begi lako linapita unaliona kwa mbali kama mpenzi wa zamani.

Mwewe_wa_Bosphorus: Na anayelaza kiti wakati wa chakula je?

Mzee_wa_Geti: Kiti nimelipia nalaza.

Dada_Transiti: Nilijua tu Mzee ni wewe.

Begi_Zito: Chaji iko asilimia sita, ukuta huu soketi imekufa. Naondoka ila dole hili halijaisha.

Jongoo_wa_Reli: Hapohapo kwenye chaji, pawa benki inaruhusiwa kwenye begi la chini?

Mpimaji_Barabara: Hairuhusiwi. Ibebe mkononi.

Jongoo_wa_Reli: Hata ya mAh 20,000?

Mpimaji_Barabara: Hiyo ni kama Wh 74, haijafika kikomo cha 100, inapita. Mkononi lakini.

Mwewe_wa_Bosphorus: Mbona yangu ya hivyohivyo waliichukua?

Siti_ya_Dirishani: Fungua uzi wako.