Digo Road hapa Mombasa ipangwe vipi tuvuke salama?

Jamani, jana nilimshika nyanyangu mkono tuvuke kutoka soko la Marikiti twende Biashara Street kununua leso, tukasimama mpaka kikapu kikamchosha, hakuna gari lasimama. Hii barabara yautenga Mji wa Kale na town, haiwezi kupangwa upya?

Dereva wa tuktuk: Pole kwa nyanya. Lakini msitufungie njia, wekeni tu vivuko vilivyoinuka, vipana, gari lipunguze lenyewe na mkokoteni upite.

Binti wa Kuze: Naunga mkono, na miti ya kivuli pia, jua la saa saba laua. Fort Jesus iko kwenye urithi wa dunia tangu 2011, ila ukitoka huko kwa miguu ukifika Digo Road ni kukimbia!