Nimerudi kanisa lililonilea, yule mwenye maikrofoni ananiambia "wewe mgeni, simama"!

Sauti ya Pili (mleta uzi):

Wakuu, nimetoka ibadani sasa hivi, hata viatu sijavua, na nisipoandika hapa nitapasuka.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Yule mwenye maikrofoni. Yule ambaye hata tukiwa watu saba ndani ya chumba kimoja lazima aishike na kupuliza "halo, halo" mpaka watoto wachanga wote waamke. Ikizimika anaendelea kuongea, ikiwaka anaanza upya tangu mwanzo. Huyohuyo.

Nilihama kwa sababu ya kazi. Sikugombana na mtu, sikufuata dhehebu lingine. Niliaga mbele ya kanisa, wazee wakaniwekea mikono na kuniombea mpaka magoti yakafa ganzi, nikapewa barua yangu ya uhamisho yenye muhuri. Watu walilia siku ile. YEYE alilia! Alilia maikrofoni ikiwa mkononi, kilio kikatoka kwenye spika zote, hadi zile za nje. "Popote uendako, hapa ni nyumbani kwako." Maneno yake hayo.

Leo nimerudi. Nimeingia taratibu, nikakaa benchi letu la zamani karibu na kwaya, nikaimba pambio la kufungulia kwa sauti yangu ileile. Nilikuwa na furaha, machozi yananilenga. Tukafika kwenye matangazo. Akapanda. "Kama kuna wageni, tunaomba wasimame." Sikusimama. Mimi mgeni wa nani pale? Akarudia. Nikaangalia mbele. Ndipo akanyoosha kidole. KIDOLE, wakuu, kikavuka safu zote kikaja kutua usoni pangu:

"Wewe mgeni, simama, usiogope. Jitambulishe. Umetoka kanisa gani, na nani amekualika?"

NANI AMEKUALIKA! Mimi! Nimebatizwa pale!

Nikasimama. Kanisa zima likageuka, hadi wale ambao hawajawahi kuamka kabla ya baraka ya mwisho. Nikataja jina. Akasema, "Paza sauti, mgeni, hatukusikii." Huyu mtu nimemfundisha mimi kuishika maikrofoni! Alikuwa anaielekeza chini, anatangazia tumbo lake. Halafu akaamuru wimbo wa kukaribisha wageni, na watu wanipungie mikono. Wimbo huo miaka yote nilikuwa nauanzisha mimi. Nikapungiwa mikono na vijana niliowafundisha Shule ya Jumapili, huku nimesimama kama mtoto aliyechelewa darasani.

Nikaletewa kadi ya mgeni nijaze. Pembeni ya kadi kuna picha ya taa. Taa ile niliichora mimi kwa kalamu, zamani, kanisa halikuwa na kadi wala mtu wa kuitengeneza. Utambi wake nimeulaza upande wa kushoto. Wameitoa kopi juu ya kopi mpaka taa imekuwa doa jeusi, lakini ukiisogeza karibu na macho utambi unauona, bado umelala kushoto. Nimeishika taa yangu mwenyewe, chini yake pameandikwa: "Je, hii ni mara yako ya kwanza kuabudu nasi?"

Subirini, sijamaliza. Ibada imeisha, watu wanapeana mikono mlangoni, naye yupo. Akanishika mkono, akatabasamu, akaniita kwa jina langu kamili pamoja na la ukoo, akasema kwa upole kabisa: "Halafu ile ahadi yako ya ujenzi bado ina salio."

Kumbe ananijua! Kwenye maikrofoni hanijui, kwenye daftari la ahadi ananijua mpaka ukoo!

Paulo na Barnaba walitumwa na kanisa la Antiokia. Waliporudi, someni Matendo 14 mstari wa 27, kanisa lilikusanywa nao wakaeleza yote ambayo Mungu amefanya pamoja nao. Hakuna aliyewapa kadi. Hakuna aliyewanyooshea kidole. Hakuna aliyewauliza nani amewaalika. NANI AMEKUALIKA jamani! Nani alinialika kwenye ubatizo wangu!

Msinishauri nitulie. Sitaki kutulia.

Benchi la Nyuma:

Ulitaka ibada isimamishwe upigiwe vigelegele? Luka 14, Bwana anasema ukialikwa ukae mahali pa nyuma, aliyekualika aje mwenyewe akwambie rafiki, njoo huku mbele. Wewe umefika na kwenda moja kwa moja benchi la kwaya. Lipa ahadi.

Mama Alto:

Huyo namjua! Mwenye kuanza kila tangazo kwa "kwa ufupi tu" halafu jua linahama dirisha. Pole sana mwanangu. Hata mimi amenisimamisha, nami nilikuwa nimekwenda chooni tu nikarudi.

Sauti ya Pili:

Asante mama. Lakini huyo wa kwenu ni mwingine.

Mama Alto:

Ni yuleyule. Wako wengi ila ni mmoja.

Mtunza Daftari:

Mleta uzi, kwenye kukuita mgeni nakuunga mkono. Kwenye ahadi, hapana. Mhubiri 5 mstari wa 5, ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Na huyo Paulo unayemtaja ndiye aliyewatanguliza ndugu kwenda Korintho kuhakikisha mchango walioahidi uko tayari kabla yeye hajafika, 2 Wakorintho 9. Kudai ahadi ni kazi ya kitume. Barua ya uhamisho inahamisha ushirika, haifuti daftari. Kwa hiyo salio ni kiasi gani?

Sauti ya Pili:

Siyo suala la salio! Suala ni KIDOLE. Suala ni mtu aliyelia kwenye spika akisema hapa ni nyumbani kwako, leo anasimama palepale, maikrofoni ileile, anauliza nani amenialika!

Mtunza Daftari:

Kwa hiyo halijalipwa.

Kijana wa Mapambio:

Nimecheka mpaka nimeulizwa nina nini 😂 "anatangazia tumbo lake". Mkuu, shukuru umepewa kadi. Bwana mwenyewe aliporudi Nazareti alikolelewa, Luka 4, walimtoa nje ya mji hadi ukingo wa kilima ili wamtupe chini. Wewe umepungiwa mikono tu unafungua uzi.

Sauti ya Pili:

Soma sura hiyohiyo mstari wa 22! "Huyu siye mwana wa Yusufu?" WALIMJUA! Hata Nazareti, watu waliotaka kumtupa kwenye kilima, walimjua na baba yake wakamtaja! Hakuna Mnazareti aliyemwambia jitambulishe, umetoka kanisa gani!

Kijana wa Mapambio:

Hapo umenipiga bao. Naondoka.

Msomaji Kimya:

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Someni Waraka wa Tatu wa Yohana, ni sura moja tu, unaisha kabla matangazo ya kwenu hayajaanza. Yumo mtu anaitwa Diotrefe, apendaye kuwa wa kwanza kati yao. Hakuwakaribisha ndugu waliokuja, na waliotaka kuwakaribisha akawazuia na kuwatoa kanisani. Nikisoma pale kila mara naliona jukwaa, namwona na mtu juu yake.

Sauti ya Pili:

Diotrefe! Asante! Sasa nimepata jina la kumwita bila kumtaja.

Benchi la Nyuma:

Msimpe huyo mwenye maikrofoni jina la Diotrefe. Yule mzee anafanya kazi ambayo ninyi nyote mnaikwepa. Ukiachiwa maikrofoni hapo utatetemeka mpaka uangushe Biblia. Halafu mtu umeondoka miaka, umenenepa, umebadilisha nywele, unataka atambue kisogo?

Sauti ya Pili:

Nimenenepa nani kakwambia? Na kama kisogo hakukitambua, mlangoni alitambuaje salio?

Nilirudi Pia:

Mleta uzi, samahani, lakini wewe una bahati. Umeulizwa. Mimi nilirudi kwangu, ibada nzima hakuna hata aliyenigeukia. Mchungaji amehamishwa, kwaya mpya, madhabahu imesogezwa upande mwingine, hata mlango wa kutokea wameuziba. Nimeufuata kwa mazoea, nikajikuta stoo, nimezungukwa na viti vilivyovunjika. Nilikaa mle stoo dakika kadhaa nikilia, kwa sababu vile viti ndivyo vilikuwa vyetu. Vile vya mbao, vyenye majina ya waliovitoa yamechongwa nyuma. Kimoja kina jina la mama yangu. Kimeegemezwa ukutani, mguu umefungwa kamba. Ningeulizwa nani amekualika ningejibu: huyu hapa, yuko stoo.

Mama Alto:

Ee Mungu wangu. Njoo inboksi mwanangu.

Msomaji Kimya:

Hiki kiti kinahitaji uzi wake. Si sawa kabisa. Waliovitoa hawakuambiwa?

Nilirudi Pia:

Walitangaziwa. Tangazo la mwisho kabisa, watu wameshasimama kuondoka.

Sauti ya Pili:

Mnaona? Matangazo! Tunarudi palepale, kwa mwenye maikrofoni!

Karani wa Usharika:

Nizungumze kama mtu wa ofisini. Barua ya uhamisho ina kazi mbili: kanisa unalotoka linakuondoa kwenye kitabu chao cha washirika, na kanisa unalokwenda linakuandika. Ukishaipeleka kule, kwa kitabu cha kule ulikotoka wewe ni mgeni. Paulo naye alimwandikia Fibi maneno ya kumtambulisha alipokuwa anakwenda Roma, Warumi 16, ili wampokee inavyowapasa watakatifu. Utaratibu ni wa zamani. Kosa la huyo mzee ni namna alivyouliza, siyo kuuliza.

Sauti ya Pili:

Warumi waliambiwa WAMPOKEE. Hawakuambiwa wamsimamishe katikati ya ibada wamnyooshee kidole. Na Fibi alikuwa hajawahi kufika Roma akachora kadi zao!

Karani wa Usharika:

Hilo la kadi limeniuma hata mimi. Ila naomba kusema: kadi zikijazwa vizuri zinatusaidia sana. Shida ni wageni kuandika namba za simu zisizosomeka, karani unakaa na kadi kumi unakisia kama ni moja au saba. Hilo nalo mlijadili.

Fundi Mitambo:

Naona mnamshambulia mwenye maikrofoni, hamjui anayoyafanya kwa mafundi. Anaigongagonga kwa kidole kuijaribu. Anapita nayo mbele ya spika, inapiga yowe, kisha anageuka na kunikazia macho MIMI mbele ya kanisa zima. Miaka nimewaambia: msiigonge, msipite mbele ya spika, yowe ni sauti ya spika inayorudi kuingia kwenye maikrofoni. Nani anasikiliza? Wanaombea mitambo, wanakemea pepo la yowe. Sogea pembeni hatua moja linaisha!

Kijana wa Mapambio:

Fundi, na wewe basi punguza kinanda. Besi inatikisa vikombe vya Meza ya Bwana.

Fundi Mitambo:

Kinanda si changu, mpigaji ana kitufe chake. Nikipunguza anapandisha.

Mama Alto:

Kinanda tumekizoea. Kinachonitoa roho ni haya maneno ya nyimbo kurushwa ukutani. Vitabu vya nyimbo vimefungiwa kabatini, na huyo kijana anayebonyeza yuko nyuma beti moja. Sisi tuko ubeti wa tatu, ukuta uko wa pili. Nusu ya kanisa inaimba ukutani, nusu inaimba kichwani.

Msomaji Kimya:

Na kibwagizo hakirudishi! Anakwenda mbele tu!

Benchi la Nyuma:

Nilidhani ni kwetu peke yetu. Juzi katikati ya wimbo wa toba ukuta ukaonyesha mafaili binafsi yote ya kijana anayebonyeza.

Mtunza Daftari:

Mashine hiyo ya kurushia ilinunuliwa kwa ahadi, na nusu ya walioahidi hawajalipa. Nasema tu.

Sauti ya Pili:

Jamani. Jamani! NANI AMEKUALIKA. Mnakumbuka? Kidole? Kadi yangu? Taa?

Kijana wa Mapambio:

Tunakumbuka mkuu, pole sana. Mama Alto, kwenu ukutani wanaandika beti zote au wanaruka? Maana kwetu ubeti wa pili haupo kabisa, umefutwa, ukiuliza unaambiwa wimbo ni mrefu.

Mama Alto:

Wanaruka! Ubeti wa mwisho ndio wenye baraka nao wanauruka! Nimebeba kitabu changu cha zamani, karatasi zimekuwa njano, naimba mpaka mwisho hata kama nimebaki peke yangu.

Nilirudi Pia:

Mama, kitabu hicho kina nota? Natafuta nota za sauti ya tena (tenor), zetu zilibaki kabatini na funguo anazo mmoja tu.

Fundi Mitambo:

Funguo anazo nani?

Nilirudi Pia:

Unamjua.