Kilimanjaro ya siku 5 kwa bei chee: mnaouza hii kitu mnajua mnachofanya

Wakuu, salaam.

Msimu wa mabango umeanza tena. Kila ukishika simu unakutana nalo: picha ya kile kibao cha mbao cha kilele cha Uhuru, bendera ya taifa, "Sherehekea Uhuru kileleni", siku 5, kila kitu kimo, tuma kianzio kwa namba hii. Tarehe yenyewe ina heshima yake, maana Desemba 9, 1961 ndiyo Luteni Alexander Nyirenda alipoufikisha Mwenge pale juu. Sina ugomvi na tarehe. Ugomvi wangu ni na hizo "siku 5" pamoja na bei iliyobandikwa pembeni yake.

Tuanze na siku, maana bei inatokea humo.

Watanzania wengi wanauziwa njia ya Marangu kwa sababu ina mabanda ya kulala, hakuna habari ya kubeba mahema. Siku ya kwanza geti hadi mabanda ya Mandara, mita 2,720 toka usawa wa bahari. Ya pili Horombo, 3,720. Ya tatu Kibo, 4,720. Pale Kibo mnafika alasiri, mnakula, mnajilaza na nguo zenu, saa tano usiku mnaamshwa na saa sita mnaanza kupanda. Mambo yakienda sawa mnafika Gilman's, ukingoni mwa kreta, 5,685, kunapambazuka, kisha Uhuru, 5,895, asubuhi ya siku ya nne. Sasa piga hesabu. Umeondoka getini saa nne au saa tano asubuhi, chini ya mita 2,000, na kabla saa 72 hazijatimia unatakiwa uwe mahali ambapo kila pumzi ina karibu nusu ya oksijeni ya Dar.

Madaktari wa milimani wanasema ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne ulale usiku wa pili palepale. Marangu inaruka mita 1,000 kwa usiku, mara mbili mfululizo. Hata ratiba ya siku 6 haifikii kanuni hiyo, ila inapunguza balaa: unalala Horombo mara mbili, na siku ya katikati unapanda hadi Zebra Rocks, kama mita 4,000, unakaa kidogo kisha unarudi kulala chini. Mwili umeshaonjeshwa hewa ya juu. Siku hiyo ndiyo wanayoikata ili bango lipendeze.

Halafu mteja akianza kutapika pale Kibo anaambiwa hakufanya mazoezi. Uongo mtupu. Mazoezi yanasaidia miguu na mapafu kuhimili mwendo, hayaharakishi mwili kuzoea hewa haba. Mkimbiaji anaumwa kichwa sawasawa na mwenye kitambi, na mara nyingine yeye ndiye anayetangulia kuumwa kwa sababu anakwenda mbio.

Kwa nini wanaikata? Hela, na wala si hela nyingi. Chukua kundi la watu 10 kwa Marangu. Kwa kubana kabisa unahitaji wapagazi 20, wapishi 2 na waongozaji 5, yaani mmoja kwa wateja wawili. Kiwango cha haki kinachotajwa kwa miaka mingi ni dola 10 kwa siku kwa mpagazi, 15 kwa mpishi, 20 kwa mwongozaji. Nikichukua dola moja kwa shilingi 2,500, siku moja ya posho ni 500,000 kwa wapagazi, 75,000 kwa wapishi, 250,000 kwa waongozaji. Jumla 825,000, yaani 82,500 kwa kila mteja. Hiyo ndiyo siku ya ziada ya Horombo, ukiongeza chakula na ada za hifadhi, ambazo kwa Mtanzania ni za shilingi na si kubwa. Mtu anakufichia siku ya 82,500 na chenji zake, kisha wewe unapoteza safari nzima.

Zidisha sasa kwa siku 6: 495,000 kwa kila kichwa kwa posho peke yake. Hapo hujaweka chakula, basi la kwenda getini, ada, hoteli ya Moshi wala faida ya kampuni. Kwa hiyo ukiona tangazo la laki nne "kila kitu kimo", jiulize nani anayelipia pengo. Wanalipia wagumu, kama wapagazi wanavyojiita. Wanalipwa nusu, au wanaambiwa "mtaishi kwa tipu", wanakula mlo mmoja kwa siku, na wanapunguzwa idadi ili mizigo igawanywe kwa waliobaki.

Kwenye idadi ndipo mambo yanapoharibikia. Mpagazi haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20 na getini kuna mizani. Kampuni za ujanja ujanja zinapima vizuri pale getini, wakishaingia msituni mzigo wa watatu unabebwa na wawili. Na kuna mzigo ambao bango halikutajii: maji. Kibo hakuna maji. Yanachotwa kwenye chanzo cha mwisho kilicho juu ya Horombo na kupandishwa kichwani. Kundi letu la wateja 10 lina watu 37 pamoja na wafanyakazi. Ukimpa kila mtu lita 3 tu za kunywa na kupikia, ni lita 111, kilo 111, karibu mizigo sita kamili. Kampuni iliyochukua wapagazi 12 badala ya 20 itayatoa wapi? Inapunguza maji. Wewe unapewa lita moja na chai, unaanza usiku wa kilele ukiwa umekauka, kichwa kinagonga, na hakuna anayejua kama ni kiu au ni mwinuko.

Tuje kwenye usalama, hapa ndipo hasira inanipanda kabisa. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa usingizi na hamu ya kula ni dalili za kawaida. Ukiwa nazo hupandi zaidi mpaka zitulie. Zikizidi, unashuka. Hatari zenyewe ni mbili. Maji kujaa mapafuni: mtu anahema hata akiwa amekaa, anakohoa, midomo inabadilika rangi. Na ubongo kuvimba: anayumba kama mlevi, anaongea vitu visivyoeleweka. Kipimo chake hakihitaji mashine, mwambie atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, anashushwa saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku, mita 500 hadi 1,000 chini au zaidi. Hakuna kusubiri kuche. Oksijeni ya mtungi na dawa vinampa nafasi ya kushuka, havimpi ruhusa ya kubaki.

Sasa kundi la watu 10 lenye waongozaji 2, mmoja akishuka na mgonjwa, anabaki mmoja na watu tisa gizani. Akiumwa wa pili je? Ndiyo maana unasikia "vumilia kidogo, kilele ni hapo tu". Hana mtu wa kukushusha.

Kabla hujatuma kianzio uliza haya, na ujibiwe kwa maandishi. Leseni ya biashara ya utalii, maarufu kama TALA, ni ya jina gani, na akaunti unayolipia ni ya jina hilohilo? Kibali cha hifadhi hupewa kampuni yenye leseni. Kishoka anayekusanya hela kwa namba yake binafsi atakuuza kwa kampuni nyingine kwa bei ya chini, na tofauti anatia mfukoni. Ada zinalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, si kwa fedha taslimu getini, kwa hiyo omba nakala yake yenye idadi ya watu na siku. Hapo ndipo utagundua kama "siku 6" zako zimelipiwa 5. Waongozaji wangapi, wapagazi wangapi, kila mmoja analipwa kiasi gani kwa siku kabla ya tipu? Mtungi wa oksijeni upo, umejaa, nani anaubeba usiku wa kilele? Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kipo, na kinatumika asubuhi na jioni au kinakaa kwenye begi? Anayekasirikia maswali haya ameshakujibu.

Pale Moshi kuna KPAP, mradi wa kutetea wapagazi ulioanza 2003. Wanachapisha orodha ya kampuni zinazokubali kukaguliwa namna zinavyowatendea wafanyakazi. Ianzie hiyo orodha, kisha shuka kwenye bei.

Mlioko nje mnaoleta marafiki, nanyi msipigwe. Kwa mgeni asiye mkazi ada ni dola 70 kwa siku, kambi dola 50 kwa usiku, uokoaji dola 20 kwa safari, juu yake VAT asilimia 18. Njia ya Machame, ya kulala kwenye mahema, kwa siku 7: 490 na 300 na 20 ni 810, na kodi inafika karibu 956. Kwa mteja mmoja weka mwongozaji mmoja, mpishi mmoja na wapagazi watatu kwa viwango vya hapo juu, ni 455. Umeshafika 1,411 kabla hajala hata ugali. Anayemuuzia kwa 1,200 ni mchawi au mwizi, na wachawi hawapewi TALA.

Jibu la 2

Mleta uzi, una hoja lakini unatuonea sisi kampuni ndogo. Mteja mwenyewe anakuja anasema nina likizo ya siku nne na hela hii hapa. Ukimwambia siku 6 anakwenda kwa jirani. Tufanyeje?

Jibu la 3 (mleta uzi)

Mkuu, mwuzie safari inayotosha siku zake. Mpeleke Mandara na kreta ya Maundi, alale, arudi. Au mpeleke Horombo usiku mmoja ashuke, aone vilele vya Kibo na Mawenzi kwa karibu na picha atapata. Au mpeleke Meru ndani ya Hifadhi ya Arusha, siku 4, mabanda ya Miriakamba na Saddle, askari mwenye bunduki anatangulia kwa sababu ya nyati. Kilele chake kiko juu ya mita 4,500 na si mchezo. Mwenye siku nne usimwuzie Uhuru, basi.

Jibu la 4

Niongezee vifaa, maana nako kuna wizi. "Vifaa vimo" inaweza kuwa slipingi begi iliyochoka, sufu imejikusanya upande mmoja. Uliza ni ya nyuzi joto ngapi. Kwa Kibo au kambi ya Barafu iwe ya kuhimili hasi 10 au baridi zaidi ya hapo. Ikifika mkononi, iinue kwenye mwanga: ukiona mwanga unapita katikati, irudishe. Nguo nyingi zinapatikana mitumba ya Memorial pale Moshi kwa bei ya kawaida: flisi, jaketi la manyoya ya bata, suruali isiyopitisha maji. Jinzi na fulana za pamba acheni nyumbani, zikilowa hazikauki. Buti usinunue mpya wiki ya safari, zitembelee mwezi mzima, kata kucha fupi, la sivyo wakati wa kushuka vidole vitakuwa vyeusi. Mpira wa kunyonyea maji unaganda usiku wa kilele, beba chupa ngumu na uigeuze mdomo chini ndani ya begi, barafu huanzia juu. Chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi mlimani. Betri za taa ya kichwani na simu zilale nawe ndani ya slipingi begi. Na Desemba 9 vuli mara nyingi haijaisha: msituni mvua, juu theluji.

Jibu la 5

Hakuna aliyegusa siko seli. Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande, nukta. Hata mwenye kurithi kwa mzazi mmoja, ambaye hajawahi kuumwa, amwone daktari kwanza, kwa sababu hewa haba inaweza kumdhuru wengu. Kwetu wako wengi wasiojijua, na fomu za hizi ofa haziulizi. Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, pia ni ya kuandikiwa na daktari. Kipimo cha kawaida cha kinga ni miligramu 125 asubuhi na jioni, unaanza siku moja kabla. Itakukojoza na kukutia ganzi vidoleni, hiyo kawaida. Mwenye mzio wa dawa za salfa aseme mapema. Dawa za usingizi msimeze kule juu.

Jibu la 6

Mimi nimeuziwa Machame ya siku 6, naondoka mwezi ujao. Nayo ni mbaya?

Jibu la 7 (mleta uzi)

Siku 6 ya Machame imeruka kambi ya Karanga, mkuu. Unatoka kambi ya Barranco, karibu mita 3,960, unapanda ule ukuta wa miamba, unapita Karanga bila kulala, unafika Barafu, 4,673, jioni umechoka, na saa sita usiku unaanza kilele. Baada ya Uhuru hamrudi kulala Barafu, mnashuka hadi kambi ya Mweka siku hiyohiyo, hivyo unatembea saa nyingi na katikati unapumzika saa chache tu. Waambie wakuongezee usiku mmoja Karanga na wakupe bei ya siku hiyo peke yake, ukiilinganisha na posho nilizoandika juu. Maji ya Barafu nayo yanachotwa Karanga, kwa hiyo uliza wapagazi wangapi. Wakikubali, wakutumie kibali kipya chenye siku 7 kabla hujamalizia malipo. Na begi lako kubwa lipime nyumbani, lisizidi kilo 15.