Kasuku wangu anapukutika manyoya na amenuna, ni ugonjwa au ni msimu wake?

Zuwena wa Mawaleh

Assalaam alaykum. Naombeni msaada juu ya kasuku wangu, Kito, wale wa kijivu wenye mkia mwekundu. Anakaribia mwaka na nusu. Nilimnunua kwa mfugaji wa hapa hapa Oman, ana pete mguuni na karatasi zake zote.

Tangu joto la Maskati lianze kupungua anapukutika manyoya. Kila asubuhi nikifagia chini ya tundu nakuta manyoya ya kijivu tele, na juzi ameangusha mawili mekundu ya mkia. Kichwani na shingoni vimemtoka vitu vyeupe kama miiba. Lile vumbi lake jeupe limezidi, limetanda mpaka kwenye televisheni. Kinachoniumiza zaidi ni tabia. Alikuwa akisikia mlango tu anaita "Hodi, hodi!" Sasa kimya, na nikimgusa anataka kuning'ata.

Anakula alizeti na karanga, matunda hayataki. Kiyoyozi kinawaka kutwa. Jirani ameniambia nimtilie matone ya vitamini kwenye maji. Mama anasema ni hasadi, na kila usiku wa Ijumaa anafukiza udi na ubani ukumbini alipo Kito. Je, anaumwa? Na ile miiba niing'oe?

Khalfan Mfuga Kasuku

Waalaykum salaam, bi Zuwena. Kwanza mtazame kichwa. Kasuku hawezi kujifikia kichwani kwa mdomo wake mwenyewe, kwa hiyo anayejinyonyoa kwa upweke au wasiwasi utamkuta kifua kitupu na kichwa kizima. Wako anaota manyoya mapya kichwani, na hukusema kwamba ana mahali palipobaki ngozi tupu. Hiyo ni dalili njema. Ndege mzima anapobadili manyoya hapati upara: yanaanguka machache, yanaota, ndipo yanafuata mengine. Ya mabawani aghalabu huanguka kwa jozi, mmoja kulia na mwenzake kushoto, asije akapoteza mizani akiruka. Na umri wa Kito ndio wenyewe, maana mabadiliko ya kwanza huja kasuku anapokaribia mwaka au baada ya hapo kidogo.

Miiba usiing'oe, nakusihi. Kila mwiba ni unyoya mchanga uliomo ndani ya ala yake, na unapokua una damu ndani. Ukiutazama kwenye shina utaona rangi ya zambarau au bluu. Ndiyo maana anataka kukung'ata: mkono wako unabonyeza mashina hayo na yanamuuma. Ala ikishakauka ikawa nyeupe mpaka chini, na yeye mwenyewe akainamisha kichwa kukuomba, hapo mkune taratibu, uisugue kati ya vidole itoke ungaunga. Iwe baada ya kuoga, ikiwa laini, na iwe kichwani na shingoni tu. Kwingine atajitengeneza mwenyewe.

Ukivunjika unyoya wenye damu, weka konflawa mahali hapo na ubonyeze polepole kwa kitambaa safi. Damu isipokatika baada ya dakika chache, mkimbize kwa daktari. Ndege huyu ana gramu mia nne au mia tano tu, hana damu ya kupoteza.

Sasa chakula, na hapa nitasema kwa ukali kidogo kwa sababu nawapenda hawa ndege. Unyoya karibu wote ni protini. Kito anajishonea vazi zima upya, na wewe unampa alizeti, ambayo ni mafuta mengi, vitamini A haba na kalsiamu haba. Kasuku wa kijivu huathirika na upungufu wa kalsiamu kuliko kasuku wengi. Wapo wanaotetemeka na kuanguka kifafa kwa sababu hiyo. Karanga nazo zikiwa na ukungu zina sumukuvu, bora uziache.

Mpe yai la kuchemsha, kipande kidogo mara mbili kwa wiki. Mpe choroko zilizochipua, dengu zilizopikwa zikaiva bila chumvi, boga, karoti, kiazi kitamu cha rangi ya chungwa, sukuma wiki. Pilipili mpe bila hofu, hata ile kali, ndege haimuwashi. Huko kwao kwenye misitu ya Kongo hula sana matunda ya michikichi, kwa hiyo tone la mawese juu ya chakula linamfaa. Ukipata peleti nzuri za kasuku, yaani chakula kilichosagwa na kufinyangwa punje punje, mzoeshe kidogo kidogo, usimkatie alizeti kwa siku moja. Parachichi na chokoleti visimfikie kabisa.

Unasema hataki. Kasuku ni ndege wa kundi, chakula hukijua kwa kuwaona wenzake wakila, na wenzake ni nyinyi. Keti karibu na tundu na sahani yako ya boga, kula kwa raha, mwache akuonee wivu. Bwana mkubwa wangu hapa nyumbani, kasuku wangu mimi, alikubali karoti kwa njia hiyo, na leo akisikia kisu kinagonga ubao anapiga mbinja.

Matone kwenye maji hapana. Maji yanabadilika ladha, ndege anapunguza kunywa, vijidudu vinazaana, wala hujui amepata kiasi gani.

Kiyoyozi kinakausha hewa na ngozi inamuwasha. Mpulizie maji matupu ya uvuguvugu kwa chupa ya kupulizia, asubuhi, akauke kabla ya usiku, na baridi isimpige moja kwa moja. Vumbi nalo litapungua. Na mlaze mapema. Urefu wa mchana ni moja ya mambo yanayouongoza mwili wake kujua msimu, sasa taa ya ukumbini ikiwaka mpaka saa sita za usiku unamvuruga. Mfunike au mhamishie chumba kimya, apate masaa kumi mpaka kumi na mbili ya giza kila usiku.

Kuhusu mama: nishikie mkono wake uubusu. Dua aendelee, tena amsomee Kito kwa sauti, kasuku wanapenda sauti. Ila moshi wa udi na ubani ufukizwe chumba kingine, mlango umefungwa. Mapafu ya ndege hayafanani na yetu, moshi kidogo unamdhuru.

"Hodi" itarudi. Nguvu zake zote sasa zimekwenda kwenye manyoya.

Riziki, Mombasa

Nakubaliana na kaka Khalfan, ila niongeze jikoni. Zile sufuria zisizogandisha chakula, zikisahaulika motoni zikapata joto kupita kiasi, hutoa hewa inayoua ndege kwa dakika chache. Tundu lisikae karibu na jiko.

Pia jua la asubuhi na mapema, kabla halijachoma, mtoe nje akiwa ndani ya tundu na awe na kivuli cha kukimbilia. Jua la kupitia kioo cha dirisha halimsaidii kutengeneza vitamini D, na bila hiyo kalsiamu unayomlisha haitumiki vizuri. Wenzangu wa Kenya mnaosoma hapa, kasuku wa kijivu hafugwi bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, tafadhali msinunue wa barabarani.

Zuwena wa Mawaleh

Allah awajaze kheri. Nimemkagua, hakuna ngozi tupu popote, na manyoya yanaota pande zote mbili sawasawa. Bawa la kulia lina unyoya mmoja mrefu unaochomoza, shina lake bluu. Alipokuja alikuwa amekatwa mabawa, na nilikuwa nimepanga yakatwe tena mwezi huu. Niendelee? Udi umehamia chumbani kwa mama, amekubali.

Khalfan Mfuga Kasuku

Usikate, bibie. Unyoya unaoota kwenye bawa lililokatwa umesimama peke yake, hauna wenzake wa kuukinga pembeni, ndiyo maana kwa ndege waliokatwa huvunjika ovyo. Mshushie vijiti vya kutua, tandika taulo sakafuni pale anaporukia, feni izimwe akiwa nje ya tundu. Mwache arudishe bawa zima, halafu umfundishe kuruka ndani, kwa madirisha yaliyofungwa.

Mpime kwa mizani ya jikoni kila wiki, asubuhi kabla hajala, uandike. Akipungua sehemu moja kwa kumi ya uzito wake, au akajikunyata mchana bila kula, au manyoya mapya yakatoka yamepinda na kubanwa, au mdomo wake ukaanza kung'aa mweusi badala ya ule ukungu wa poda, usisubiri, mpeleke kwa daktari anayejua ndege, si wa paka na mbuzi tu. Ukienda, chukua manyoya mawili matatu yaliyoanguka, uyatie kwenye bahasha ya karatasi. Mistari inayokata unyoya kwa upana itamwonyesha daktari kwamba lishe ilipungua au ndege alipata dhiki wakati unyoya huo unaota.